Mgeni Akifika na Mvua Zanzibar: Nani Hupata Hasara, Nani Hufaidika?

KILA mwaka wapo watalii wanaoshuka katika uwanja wa ndege wa Zanzibar au bandari ya Malindi wakiwa na miwani ya jua kichwani, wakapokewa na mvua kubwa, upepo mkali na bahari iliyochafuka. Kwa mtalii hiyo ni likizo iliyoharibika. Kwa mwenye hoteli, mwenye boti, muuza samaki, mchuuzi wa nyanya na mwenye hisa chache za kampuni ya hoteli, hilo ni suala la hesabu.

Hesabu hiyo ni muhimu zaidi leo kuliko zamani kwa sababu biashara yenyewe imekua. Takwimu za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinaonyesha kwamba visiwa hivyo vilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na zaidi ya 736,000 mwaka 2024. Fedha zinazozunguka katika fukwe za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani zinafika hadi kwa mkulima wa vitunguu wa bara. Dhoruba ya siku tatu inapozuia mgeni kufika, au inapomkuta ameshafika, mnyororo wote huo hutikisika.

Hata hivyo si kila mvua huleta hasara, na si kila anayelalamika ndiye aliyepoteza. Mfanyabiashara anayetaka kulielewa soko hili hana budi kutofautisha mvua inayotarajiwa na ile isiyotarajiwa.

PEPO MBILI, BEI MBILI

Biashara ya Zanzibar tangu enzi za majahazi imetawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati ya mabadiliko hayo ndipo mvua zinapoingia: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Masika ndiyo mvua nzito zaidi.

Bei za vyumba zimejengwa juu ya kalenda hiyo. Msimu mkubwa wa wageni ni Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Aprili na Mei ni msimu mdogo: hoteli hupunguza bei, nyingine hufunga milango kabisa na kutumia muda huo kupaka rangi, kubadili makuti na kuwapa wafanyakazi likizo.

Maana yake ni kwamba mtalii anayekuja Aprili ameshauziwa mvua pamoja na chumba. Punguzo alilopewa ni malipo ya uwezekano wa kunyeshewa. Akinyeshewa, hoteli haijapoteza kitu ambacho ilikuwa imekitarajia. Jua likiwaka wiki nzima, amepata faida yeye.

Hasara ya kweli huletwa na mvua inayoangukia msimu wa bei kubwa. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilinyesha katika miezi ambayo ukanda wa Afrika Mashariki haukuzoea maji mengi kiasi hicho. Vuli za mwaka 2019 na 2023 nazo zilikuwa nzito kuliko kawaida. Mvua ya namna hiyo humkuta mgeni aliyelipa bei kamili, ambaye hakuambiwa wala hakutarajia kukaa chumbani akitazama maji yakichuruzika kwenye makuti.

CHUMBA NI BIDHAA INAYOOZA

Watu wengi hudhani kwamba chumba cha hoteli ni mali ya kudumu kama nyumba. Kibiashara, chumba kinafanana zaidi na samaki. Usiku wa jana ambao haukuuzwa hauwezi kuwekwa ghalani ukauzwa leo. Ndiyo sababu mwenye hoteli huamua kwa namna ambayo mtu wa nje huiona kama ya ajabu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hoteli yenye vyumba 20. Gharama zake zisizokwepeka, kama mishahara, ulinzi na mkopo wa benki, ni dola 500 kwa siku. Kila chumba chenye mgeni huongeza gharama ya dola 20 za chakula, maji, umeme na usafi. Desemba chumba huuzwa dola 100 na vyumba 18 hujaa. Aprili huuzwa dola 60 na hujaa vyumba 8 tu.

Aprili hoteli hiyo inaingiza dola 480, na baada ya kutoa dola 160 za kuwahudumia wageni inabaki na dola 320. Hazitoshi kulipa zile 500, hivyo kila siku inapoteza dola 180. Kwa nini basi isifunge? Kwa sababu ikifunga, tuseme gharama zisizokwepeka zinashuka hadi dola 300 tu, kwani mlinzi na benki bado wanadai. Kufunga kunapoteza dola 300, kubaki wazi kunapoteza dola 180. Katika mfano huu mpaka wa uamuzi ni vyumba 5. Vikijaa zaidi ya hapo, ni afadhali kubaki wazi kwa hasara. Vikipungua, ni afadhali kufunga.

Sasa tutazame dhoruba ya Desemba. Boti zimezuiwa na wageni wa vyumba 4 wamekwama Dar es Salaam kwa usiku mmoja. Hoteli ikikubali kuwarudishia fedha za usiku huo, inakosa dola 400, lakini imeokoa dola 80 za huduma. Hasara halisi ni dola 320, yaani sawasawa na mchango wote wa siku nzima ya Aprili. Usiku mmoja wa wageni wanne waliochelewa Desemba unafuta kazi ya siku nzima ya masika.

Hapo ndipo ugomvi wa kurejesha fedha unapoanzia. Mgeni aliyelipa kupitia wakala wa utalii hufungwa na masharti ya wakala, na mara nyingi fedha za usiku wa kwanza hubaki hotelini hata kama hakulala. Aliyeweka nafasi moja kwa moja kwa amana ndogo ana nguvu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha bado iko mfukoni mwake. Wenye hoteli wenye busara hawarudishi fedha taslimu na wala hawakatai. Husogeza usiku uliopotea mbele, mgeni akakaa siku moja zaidi iwapo chumba kipo, au humpa hati ya kurudi katika msimu mdogo ambapo vyumba ni vitupu na usiku huo unaigharimu hoteli dola 20 tu.

Ikumbukwe kwamba tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima maalumu inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima hiyo ni ya mgeni. Mwenye hoteli asidhani kwamba ndiyo itakayomfidia chumba kilicholala kitupu.

BOTI IKIZUIWA

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni zaidi kidogo ya kilomita 70, na boti ziendazo kasi huchukua takriban saa mbili bahari ikiwa shwari. Ndege ndogo huchukua kama dakika 20. Njia zote mbili hutegemea hali ya hewa, ila boti ndiyo inayobeba umma wa watu na mizigo yao.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Tangazo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 ndilo ambalo wenye vyombo vidogo hulisikiliza kwa makini. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepeleka mzigo visiwani angefaidika kulisoma tangazo hilo kama anavyosoma bei za jumla.

Wapo wanaolalamika kila boti inapozuiwa kwamba wakubwa wanaua biashara. Jibu la malalamiko hayo liko chini ya bahari. Julai 18, 2012 meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali wa kusi, na watu wengi wakapoteza maisha. Hasara ya siku moja ya kufunga bandari hulipika. Ile nyingine hailipiki.

NYANYA, SAMAKI NA MWANI

Sehemu kubwa ya vyakula vinavyoliwa katika hoteli za Unguja, kama viazi, vitunguu, nyanya na mchele, hutoka bara. Boti zikisimama, bei katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe hupanda kwanza kwa vitu vinavyooza.

Chukua mfano wa mchuuzi mwenye matenga 10 ya nyanya yaliyomgharimu sh. 50,000 kila moja pamoja na usafiri, jumla sh. 500,000. Siku ya kawaida angeuza kila tenga sh. 60,000 na kupata faida ya sh. 100,000. Mzigo ukikaa bandarini siku mbili na matenga 3 yakaoza, analazimika kuuza yale 7 kwa zaidi ya sh. 71,400 kila moja ili arudishe mtaji tu. Ili apate faida yake ya kawaida anahitaji karibu sh. 85,700.

Kwa siku ya kwanza baada ya dhoruba huenda akazipata, kwa kuwa soko lina njaa. Lakini hapo kuna mtego. Boti zinaporuhusiwa, mizigo yote iliyokwama huvuka kwa pamoja na bei huanguka ghafla. Anayenufaika ni yule ambaye mzigo wake ulikuwa umeshavuka kabla ya upepo, au mwenye bidhaa isiyooza kama mchele na vitunguu vikavu. Anayeumia ni yule aliyenunua bara kwa papara baada ya kusikia kwamba bei za Unguja zimepanda. Bei aliyoisikia ni ya jana, mzigo wake utafika kesho kutwa.

Soko la samaki lina tabia yake. Kusi linapokaza, wavuvi wa ngalawa na mashua hawathubutu kutoka nje ya mwamba. Huvua ndani ya maji madogo, ambako samaki ni wachache na wadogo. Samaki wa maji makuu kama jodari na nguru huadimika. Hoteli yenye wageni hotelini haiwezi kungoja bahari itulie, hivyo hugeukia kuku na samaki wa kwenye barafu. Mwenye jokofu la kuaminika na jenereta ndiye mfalme wa wiki hiyo.

Kwa upande wa mwani, unaolimwa zaidi na akina mama wa vijiji vya pwani ya mashariki, pigo huja kwa njia mbili. Mvua nyingi hupunguza chumvi ya maji ya pwani na kudhoofisha zao lenyewe, na mawingu huzuia ukaushaji. Mwani usiokauka vizuri hushuka ubora na mnunuzi hukata bei. Mkulima wa mwani hapati punguzo la masika kama mtalii, wala hana mahali pa kusogeza usiku wake uliopotea.

FEDHA HUHAMA, HAZIPOTEI ZOTE

Mtalii aliyeshafika hafungi mkoba wake kwa sababu ya mvua. Anaufungua mahali pengine. Bahari ikichafuka, safari za kwenda Mnemba, Changuu na kuangalia pomboo Kizimkazi husitishwa. Nahodha, mpishi wa visiwani, mkodishaji wa miwani ya kuzamia na papasi wa ufukweni hukosa riziki siku hiyo hiyo.

Lakini wageni hao hao hupanda magari kuelekea Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huko huingia katika makumbusho, maduka ya kanga na vinyago, na mikahawa yenye paa zuri. Wengine hupelekwa kwenye mashamba ya viungo au msitu wa Jozani kuwatazama kima punju pindi mvua inapopungua. Dereva wa teksi, ambaye siku za jua hukaa akingoja, siku ya mvua hukosa nafasi ya kunywa chai.

Aidha, upepo wenyewe ni bidhaa. Kijiji cha Paje kimejijengea biashara ya mchezo wa kuteleza majini kwa tiara, ambao bila upepo hauwezekani. Wenye shule za mchezo huo hungoja kusi na kaskazi kama mkulima anavyongoja mvua. Siku ambayo mgeni wa kuota jua anaondoka Paje akinung'unika, mgeni wa tiara ndiyo kwanza anafungua begi.

Upande wa kisiwa nao una bei yake. Kusi hupiga pwani ya mashariki na kusini, wakati Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi hupata kivuli. Kaskazi hugeuza mambo, na pwani ya kaskazini mashariki kama Matemwe na Kiwengwa ndiyo inayopokea upepo na majani ya baharini. Anayetaka kununua au kupanga eneo la biashara asilitazame mara moja tu. Alitazame Januari, na alirudie tena Julai.

TUFANI NI JAMBO JINGINE

Yote yaliyoelezwa hapo juu ni dhoruba za kawaida. Tufani kamili ni nadra Zanzibar, kwa kuwa kisiwa kiko karibu nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na tufani huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ambao ni dhaifu karibu na mstari huo. Nadra, lakini si muhali.

Aprili 1872 tufani iliikumba Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka mingi kukomaa. Bei ya karafuu ilipanda, na mwenye shamba Pemba akajikuta ameshika zao ambalo mwenzake wa Unguja hanalo. Tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Siku moja ya upepo ilihamisha kitovu cha zao kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi jirani na kisiwa cha Mafia kabla ya kupoteza nguvu, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Kwa bahati ilikuwa katikati ya msimu mdogo. Kimbunga cha namna hiyo kingekuja wiki ya Krismasi, hesabu ingekuwa tofauti kabisa.

MWEKEZAJI MDOGO ATAZAME NINI

Kwa mwenye hisa, jambo la kwanza ni kutolinganisha nusu mbili za mwaka kama vile ni mapacha. Kampuni ya TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena, imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu mwaka 1997. Kampuni ya aina hiyo ikitoa hesabu za Januari hadi Juni, ndani yake imo miezi ya masika. Hesabu hafifu za nusu ya kwanza si lazima ziwe dalili ya ugonjwa. Kipimo cha haki ni nusu ya kwanza ya mwaka huu dhidi ya nusu ya kwanza ya mwaka jana.

Pili, atazame Pasaka na Ramadhani zimeangukia wapi. Pasaka huwaleta wageni hata mvua ikinyesha, na Ramadhani, ambayo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hubadili saa za kazi na mahitaji ya vyakula sokoni.

Tatu, anayealikwa kuingia ubia katika nyumba ya wageni aombe kuona daftari la Aprili na Mei kabla ya lile la Agosti. Daftari la Agosti huonyesha uzuri wa ufukwe. La Aprili huonyesha kama mwenye nyumba ana akiba ya kulipa mishahara, paa lisilovuja, jenereta inayowaka na masharti ya amana yaliyoandikwa yakaeleweka.

Nne, mchuuzi wa bara ajiwekee kanuni rahisi: bidhaa inayooza isivuke baada ya tahadhari kutangazwa, na isinunuliwe kwa bei ya uvumi siku bandari inapofunguliwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na katika biashara hii mawingu huonekana mapema. Masika yanajulikana mwezi, kusi linajulikana upande, na onyo la bahari hutangazwa kabla. Kisichojulikana ni vuli ya mwaka upi itakayofurika hadi Desemba. Kwa hilo hakuna kinga nyingine isipokuwa fedha iliyowekwa kando katika wiki ambazo jua lilikuwa likiwaka na vyumba vimejaa.